Fundi Anayekufa Kila Wiki

Jumanne, tarehe 5 Machi

Shemeji,

Salamu utazikuta mwishoni, zikibaki. Nina jambo limenikaa kooni, na unanijua mimi, jambo likilala kwangu usiku mmoja asubuhi naamka na homa.

Kaka yako amenunua mashine ya kuchomelea.

Ndiyo, huyohuyo. Tangu mgongo umshushe kwenye lori alikuwa anashinda uani anahesabu kuku wa jirani. Wiki iliyopita akatoka bila kusema anaenda wapi, akarudi na mashine kuukuu juu ya mkokoteni, ina kutu, inanguruma kama shemeji wa kiume aliyenyimwa chai. Nikamuuliza, baba, hii nini? Akasema, "Mashine." Basi. Ndiyo hotuba yote. Wewe mwenyewe unajua mtaani wanamwita Kufuli na mimi wananiita Redio, kwa hiyo maelezo ya nyumba hii yote natoa mimi.

Sasa sikiliza. Ameifunga pale bandani, umeme anauchukua kwa ule waya wangu wa pasi, umeungwa katikati kwa utepe wa gundi. Ukiushika baada ya kazi una joto kama chapati. Machoni anavaa miwani ya jua, miguuni kandambili. Ana kile kibanio kikubwa, kama cha kuanikia nguo lakini cha jitu, anakibana kwenye nguzo ya chuma ya banda, anapoegemeza kazi. Na kamba yangu ya nguo, ambayo ni waya, nimeifunga kwenye nguzo hiyohiyo. Jumamosi naanika shuka mbichi, nikaumwa na kitu kuanzia vidoleni mpaka kwenye jino langu bovu. Fundi cherehani wa jirani aliniona naruka akadhani nimeshinda bahati nasibu.

Na macho yake, shemeji. Alfajiri aliamka anasema yamejaa mchanga. Mekundu, yanatiririka, hawezi kutazama taa. Nikamwekea maziwa. Asubuhi akarudi kazini, anafumbafumba kama paka juani.

Naogopa kumzika huyu mtu. Nimemzoea.

Najua atakavyosema nikimwambia akuulize. Tangu ile siku ulipogonga kazi yake kwa nyundo mbele ya watu, ile stendi ya tangi la maji la shule aliyoichomelea kabla ya kuingia kwenye lori, ikaachia, hajakutaja kwa jina. Anasema "yule." Wewe ni mdogo wake wa kumfuata ziwa moja, na sasa ni bingwa wa kuchomelea meli huko, hilo linamuuma zaidi ya mgongo. Usipige simu. Simu ya nyumba hii ni moja na analala nayo chini ya mto. Andika, mpe dereva wa lori la saruji, aiache kwa fundi cherehani. Huyo siri anaiweza, kwa sababu mimi ndiye ninayesema kwa niaba yake.

Nifanye nini?

Salamu hazikubaki. Wasalimie wote.

Shemeji yako,
Redio


Ijumaa, tarehe 8 Machi

Shemeji Redio,

Barua yako nimeisoma nimesimama, chini ya tumbo la meli, wenzangu wakaniuliza nani kafa. Nikawaambia bado.

Kwanza, usianike nguo pale. Kibanio kile ndicho njia ya umeme kurudi kwenye mashine. Kinatakiwa kibanwe kwenye chuma chenyewe anachochomelea, karibu na pale moto unapowaka, kwenye sehemu iliyosuguliwa ikang'aa. Akikibana kwenye nguzo, umeme unatafuta njia ya nyumbani kwa kupita popote: kwenye nguzo, kwenye waya wako, kwenye shuka, kwenye jino.

Pili, waya wa pasi ni wa pasi. Mashine ile inataka waya wake mmoja mzima, mnene kama kidole chako kidogo, usio na kiungo, unaotoka kwenye boksi la umeme na swichi yake peke yake. Na inataka waya wa kushuka ardhini, ili mwili wa mashine ukipata hitilafu umeme uende kwenye udongo, usiende kwa kaka. Hiyo si kazi ya kujaribu. Aite fundi umeme mwenye kibali.

Tatu, miwani ya jua ni ya kwenda harusini. Moto ule unaunguza jicho kama jua linavyounguza ngozi. Anataka kinyago chenye kioo cheusi cha kazi hiyo. Maziwa mnywe. Macho yakirudia, zahanati.

Siwezi kuja, meli hii haiondoki mpaka tuishone. Mwambie hayo yote, ila usiseme yametoka kwangu. Ukisema, atakibana kibanio sikioni kusudi. Utamwambiaje, sijui. Wewe ndiye mwenye mdomo.

Shemeji yako,
Cheche


Jumanne, tarehe 19 Machi

Shemeji Cheche,

Mdomo umefanya kazi.

Nilikaa na barua yako nikawaza, huyu mtu ushauri hasikii, akishauriwa anageuka jiwe. Lakini umbea anasikia. Anajifanya anakula, kumbe sikio limesimama kama la sungura. Basi wakati wa chakula nikaanza, "Jamani, mmesikia yaliyompata yule fundi wa ng'ambo ya reli?"

Anatafuna.

"Masikini, alikibana kile kibanio kwenye nguzo. Mkewe anaanika nguo nyuma, hana habari, fundi naye akaenda kumsaidia. Wamemkuta fundi amekauka na shuka mkononi."

Akaacha kutafuna. Akaniuliza, "Ng'ambo ya reli ipi?" Nikasema ile ya mbali. Kesho yake naamka, kibanio kimehama nguzo, kiko kwenye geti lenyewe analochomelea, na pale kilipobana amepasugua pakang'aa. Shemeji, nilitaka kuimba.

Wiki iliyofuata fundi akafa tena. Huyu alikuwa binamu yake, nao ni ukoo wa mafundi, wana mikosi. Yeye alitumia waya wa pasi. Nikaeleza vizuri, kwamba waya ulikuwa mwembamba kuliko kidole kidogo, una kiungo, ukashika moto, na mashine haikuwa na waya wa kushuka ardhini. Kaka yako akanitazama kwa muda. Akanyanyua kidole chake kidogo akakiangalia. Akatoka.

Fundi umeme kaja Alhamisi, na kibali chake kifuani kama medali. Amechimbia chuma ardhini, amefunga swichi peke yake bandani, pasi yangu imerudi nyumbani kwa amani. Kinyago nacho kimenunuliwa, baada ya fundi wa tatu kupofuka. Huyu sikumwua, nilimwonea huruma, ana watoto wadogo.

Kamba ya nguo nimehamishia kwa fundi cherehani. Leta mengine, naona nina kipaji.

Redio


Ijumaa, tarehe 22 Machi

Shemeji,

Wewe ni hatari kuliko umeme. Lakini endelea, ila taratibu, mafundi watakwisha.

Yaliyobaki haya. Rangi, thina, matambara ya mafuta na mtungi wa gesi vitoke bandani kabisa. Ndoo ya mchanga iwe karibu, na akimaliza kazi asikimbilie chai, akae kidogo atazame kama kuna kinachofuka moshi. Cheche inaweza kulala kwenye tambara ikaamka watu wamelala. Avae viatu vya kufunika na glovu za ngozi kavu. Glovu ikilowa jasho abadilishe. Kishikio cha kijiti cha kuchomelea kina umeme, asikibane kwapani anapotafuta kijiti kingine, namjua, alikuwa na tabia hiyo. Mabati yale meupe yanayong'aa yana sumu yakiungua, yanaleta homa ya kutetemeka. Achomelee nje penye upepo, na ayasugue kwanza. Kabla ya kuifungua mashine kuipuliza vumbi, azime na achomoe kabisa. Nyaya azikague kila siku kabla ya kuwasha, akiona ngozi ya waya imepasuka, kazi hakuna.

Na hili liweke peke yake. Mtu akileta pipa au tangi lililowahi kuwa na mafuta, asiliguse. Hata kama ni tupu. Hata kama limeoshwa. Likiwa tupu ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu kilichobaki ndani ni mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Hapa kwetu lipo kaburi la mtu aliyesema limeoshwa. Huyo si wa kutunga.

Anachomelea vizuri siku hizi? Nauliza tu.

Cheche


Jumanne, tarehe 9 Aprili

Shemeji wangu,

Nimeharibu. Kaa chini, maana safari hii hata mimi sicheki. Nacheka kidogo.

Yale ya thina na viatu yalikwenda vizuri. Banda limefagiliwa, ndoo ya mchanga ipo, kandambili nimempa mbwa. Lakini mimi siwezi kumwambia kaka yako habari bila kuijaribisha kwanza kwa watu, ili niisikie ikoje. Kwa hiyo yule fundi wa ng'ambo ya reli nilimpitisha kwa fundi cherehani, akapita kwa muuza mkaa, akapita kwa kinyozi. Umbea kwa kinyozi hautoki kama ulivyoingia, unanyolewa na kupakwa mafuta. Alipotoka huko hakuwa fundi wa ng'ambo ya reli tena. Alikuwa Kufuli.

Jumapili mlango ukagongwa. Kaka yako akafungua mwenyewe. Nje yupo mwenye duka la vifaa na mkewe, mke ameshaanza kulia, na nyuma yao majirani wamejipanga. Mwenye duka macho yako chini, akasema, "Tumekuja kutoa pole."

"Ya nini?"

"Ya msiba."

"Nani kafa?"

Mwenye duka akanyanyua macho. Akasema, "Wewe."

Kaka yako akafikiri. Akasema, "Karibuni ndani," akawapisha.

Walikaa. Ungefanyaje? Watu wamevaa, wamekuja na sukari. Marehemu akawachemshia chai. Mke wa mwenye duka alikuwa anamgusa mkono kila akipita.

Ningecheka mpaka leo, lakini Jumatatu mwalimu mkuu akapita. Alikuwa ameahidi kazi ya nondo za madirisha ya shule, kazi ya kwanza kubwa, na kaka yako alikuwa ameshapiga pasi shati kwa ajili yake. Mwalimu akasimama mbali na banda. Akasema amesikia mashine ile ina mkosi, inarusha watu, wacha atafute kwingine. Wateja wengine nao wamepotea. Banda liko safi, nyaya zimenyooka, hakuna anayeingia.

Usiku kaka yako akaniuliza, "Huyu fundi anayekufa kila wiki, ni nani?"

Nikasema sijui, nimesikia tu. Akanyamaza. Shemeji, kunyamaza kwake nakujua kwa rangi zake zote, hii rangi sikuwa nimewahi kuiona.

Sasa lililonifanya niandike. Leo asubuhi jamaa mmoja kaleta tangi la lori. Lilikuwa la mafuta, anataka kulitoboa na kulichomelea mabomba liwe la maji. Anasema limeoshwa. Kaka yako amelizunguka, amelipokea, liko uani. Ndiyo kazi pekee iliyobaki duniani. Anasema atalitazama kesho.

Nikileta umbea hatasikia tena, nimeshaumaliza. Nikimwambia onyo limetoka kwako, si atalichomelea kwa hasira? Dereva anapiga honi. Nijibu upesi.

Redio


Ijumaa, tarehe 12 Aprili

Shemeji,

Mwambie ni mimi. Usizunguke. Mwambie yote tangu kibanio, yamesemwa na yule. Akitukana, atukane. Heri aninunie miaka mingine akiwa hai.

Kama tangi bado lipo, mfichie vijiti, zima ile swichi ya bandani, lala juu ya tangi ikibidi. Na karatasi hii ndogo mpe mkononi. Nimeandika mstari mmoja tu, kwa sababu wa pili sikujua uanzeje.

"Kaka, tangi hilo usiliguse, nakuomba."

Cheche


Jumanne, tarehe 16 Aprili

Shemeji Cheche,

Barua yako imefika jana, mambo yalishapita. Tulia, hakuna aliyekufa, hata wa kutunga.

Jumatano niliamka nikaona siwezi kungoja lori la saruji. Nikachukua kiti, nikaona kiti hakitoshi, nikapanda juu ya tangi lenyewe na sinia langu la maharage nikaanza kuchambua. Nimesema akitaka kuchomelea anichomelee na mimi. Umri huu, kupanda tangi, nilivunja ndala na heshima.

Akatoka na kikombe chake. Akanitazama. Akaenda kukaa mlangoni pa banda, akaanza kukagua nyaya, moja moja, anazipitisha vidoleni kama anavyofanya kila siku sasa. Jua likapanda. Tangi likawa kikaango. Maharage yakaisha, nikaanza kuyachambua upya.

Nikaona basi. Nikasema, bila "jamani mmesikia," bila kitu. Shemeji, kusema jambo moja kwa moja ni kazi, mdomo wangu ulikuwa unatafuta kona na kona haipo. Nikasema, "Baba, hakuna fundi wa ng'ambo ya reli. Niliyasema mimi. Na maneno yote ni ya mdogo wako, nilimwandikia, kwa sababu naogopa kubaki nyumba hii peke yangu naongea na ukuta."

Akasema, "Najua."

Nikamwambia unajua nini?

Akaweka waya chini. Hotuba aliyotoa, shemeji, ni ndefu kuliko ya siku aliyonichumbia. Akasema, "Umbea wa mtaani haujui unene wa waya. Umbea unasema mtu kafa, hausemi kibanio kilitakiwa kibanwe wapi. Niliposikia ya kidole kidogo nikajua. Baba yetu alikuwa anapima hivyo, na tuliofundishwa ni wawili."

Nikamuuliza, ulijua tangu waya, na ukaniacha niue ukoo mzima?

Akasema, "Nilitaka kusikia anasema nini tena."

Nikanyamaza. Andika hiyo tarehe, mimi nimenyamaza.

Halafu akaniambia nishuke, nitaungua. Nikasema sishuki mpaka aape. Akasema tangi alilikataa tangu jioni ya siku ile lilipoletwa, alipofungua kifuniko akanusa, akamwambia mwenyewe arudi kulichukua. Jamaa alikuwa anatafuta gari la kulibebea. Kwa hiyo nilikaa juu ya lile jiko nusu siku bure kabisa, na yeye ananitazama anakunywa chai. Nikamuuliza kwa nini hukusema? Akasema, "Hukuuliza." Nimeolewa na huyu mtu, hakuna wa kumlaumu.

Mwenye tangi alikuja mchana akaleta maneno, fundi gani anaogopa tangi tupu. Palikuwa na watu, wameshajaa kuniangalia mimi. Kaka yako akawaeleza mvuke ni nini na kwa nini tupu ni baya kuliko lililojaa. Kwa sauti, mbele ya watu, yeye. Kinyozi alikuwepo. Safari hii nilimwambia kinyozi, hii ipeleke kama ilivyo, usinyoe. Jana mwalimu mkuu karudi. Kazunguka banda, kaangalia ile swichi, waya wa ardhini, ndoo, pazia la turubai aliloweka ili wapita njia wasiumie macho. Kasema anataka mtu wa kuchomelea madirisha wanafunzi wakiwa karibu, na mtu anayekataa kazi ndiye anayemtafuta. Kesho kaka yako anakwenda kupima.

Karatasi yako nilimpa. Aliisoma, akaikunja, akaitia mfuko wa shati, lile alilolipiga pasi. Kisha akaomba kalamu. Nilimletea tatu, asije akabadili mawazo wakati natafuta wino. Ameandika mgongo amenigeuzia. Ninaifunga pamoja na hii, na naapa sijaisoma, ila imekaa wazi mezani tangu asubuhi na mimi macho ninayo.

Shemeji yako,
Redio


Tarehe 16 Aprili

Mdogo wangu,

Tangi sijaligusa.

Ile stendi ya shule ungeweza kuniita pembeni ukaniambia. Lakini ilikuwa imeshonwa vibaya, na watoto walikuwa wanakinga maji chini yake.

Nina madirisha mengi ya kufanya na kitu kimoja sikielewi. Nikichomelea mfululizo mashine inajizima. Feni inaendelea kuzunguka. Nikikaa kidogo inawaka tena yenyewe. Ni ugonjwa, au inapumzika? Vumbi nimepuliza, nimechomoa kwanza.

Meli ikiondoka, njoo ugonge kazi yangu kwa nyundo. Njoo mchana, watu wakiwepo.

Jibu uniandikie mimi. Tukipitishia kwa shemeji yako, atakufa fundi mwingine.

Kaka yako